UZI: Karavani, mzee wangu na mvinyo wa Naivasha – Nairobi hadi Baringo, tukipika njiani

MamaTrela

Wadau, watu wakisikia unavuta karavani kutoka Nairobi, swali la kwanza huwa "mmebeba chakula gani?" Sisi jibu letu ni unga, chumvi, mafuta, mchele kidogo, kitunguu saumu, viungo, majani chai na mvinyo. Basi. Mengine yote barabara ya Nakuru inauza, na inauza mazuri kuliko ya supamaketi ya mtaani. Wengi wanajaza friji ya gari Ijumaa jioni hadi mlango haufungi, halafu wanapita Soko Mjinga na Kikopey madirisha yamepandishwa. Hiyo kwangu si safari, ni kuhamisha friji.

Karavani yetu msiifikirie ile ya sinema. Ni bodi iliyojengwa Kariobangi Light Industries juu ya ekseli moja. Ndani kuna kitanda, makabati na madirisha mawili. Jiko liko nyuma: unainua mlango, mlango wenyewe unakuwa paa, unapika ukiwa umesimama nje. Mtungi wa kilo 6, plati mbili za gesi. Jiko la makaa na wavu tulitoa Kamukunji, blanketi na mabegi ya kulalia tulichagua Toi. Gari linalovuta ni Prado ya dizeli yenye umri wa mtoto wetu wa pili, na huyo tayari ana ndevu.

Twende kwa chakula maana ndicho mnachoniuliza kila mara.

Tunatoka Nairobi alfajiri kwa barabara ya juu, si ile ya Mai Mahiu. Soko Mjinga tunachukua viazi, karoti, minji iliyokwisha kumenywa na, ikiwa ni msimu, plamu. Viazi vya huko mara nyingi ni shangi, na shangi ina tabia yake: inaiva haraka, ukigeuka kidogo imepasuka na kuyeyuka. Kwa mukimo sijaona inayoishinda. Kwa mchuzi itie mwisho kabisa, la sivyo utakula uji wenye nyama.

Naivasha tunalala kwenye moja ya kambi za Moi South Lake Road, chini ya ile migunga ya manjano. Mzee akishaweka mawe kwenye magurudumu na kuisawazisha karavani, mimi nashuka ufuo wa Kamere kutafuta samaki. Na hapa niseme wazi: karpu anadharauliwa bure. Watu wanamkimbia kwa sababu ya miiba, kumbe dawa ya miiba ni kisu. Mwambie anayekusafishia amkate ubavuni mikato ya karibu karibu sana, milimita 4 au 5 hivi, kuanzia mgongoni kuelekea tumboni bila kumtenganisha. Kisu kikali, utasikia miiba ikikatika, krr, krr, krr. Chumvi, ndimu, tangawizi ya kutwanga, mwache kidogo. Mpake unga wa mahindi kiasi cha vumbi tu, kisha umtie kwenye mafuta yaliyochemka kwelikweli. Mafuta yakiingia kwenye ile mikato, vile vijiba vidogo vinakaangika pamoja na nyama na unavitafuna bila kujua. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu umeharibu kila kitu, afadhali usubiri.

Pembeni kachumbari yenye dhania nyingi, na glasi ya Leleshwa nyeupe, ile ya Sauvignon Blanc, iliyopoa vizuri. Zabibu zake zinalimwa hapo hapo Bonde la Ufa. Mvinyo mkavu wenye uchachu na samaki wa mafuta wanaelewana, hiyo sibishani na mtu.

Kikopey kila mtu anaijua kwa choma. Sisi tunanunua mbavu za mbuzi mbichi, tunavuka hadi Elementaita kulala, na tunachoma wenyewe tukiangalia mwari wakirudi ziwani. Mbavu zinataka chumvi na subira. Makaa yakishapata majivu meupe juu, sukuma mengi upande mmoja, nyama ikae upande wa pili, mfupa uangalie chini. Tukikaribia kumaliza ndipo tunaisogeza juu ya moto ikamatike ngozi. Mvinyo hapo ni mwekundu, Shiraz, kwa sababu una ule mwasho wa pilipili manga.

Baringo joto linakusalimia kabla hujafungua mlango. Marigat tunanunua tikiti maji, asali na mbuzi. Chakula cha mchana hakipikwi, tunakula tikiti na chapati za jana. Mvinyo mwekundu huko ukiuacha mezani mchana unakuwa chai. Kwa hiyo tunavisha chupa soksi iliyoloweshwa maji, tunaiweka kivulini mahali penye upepo, na kila soksi ikikauka tunalowesha tena. Hewa ya kule ni kavu, maji yanakauka haraka na kuondoka na joto la chupa. Gesi haijatumika, betri haijatumika.

Kurudi tunapanda Subukia hadi Nyahururu, na hapo ni makoti na mchuzi mzito wa ng'ombe: nyama ya kifundo, karoti, kitunguu, nusu chupa ya mvinyo mwekundu, majani ya rosemeri yanayochumwa kwenye ua wa mtu (ukiomba). Inachemka polepole hadi giza linaingia. Shangi, kama nilivyosema, mwisho.

Ulizeni maswali, nitajibu nikipata nafasi. Mzee naye yuko humu lakini yeye husoma tu.

---

KijanaWaUmoja

Mathe hii kitu ni tamu kusoma lakini niulize kwa heshima: sisi wa Vitz tufanye nini? Mimi na bibi tunataka kuanza lakini karavani ni ndoto.

---

MamaTrela

Kijana, karavani ni kitanda tu. Hema la watu wawili, jiko la makaa, wavu, sufuria mbili, kikaangio na kisu kizuri vinaingia kwenye buti ya Vitz na nafasi inabaki. Hadi Naivasha, Elementaita na Baringo ni lami. Tulianza hivyo hivyo na mzee, tena hema lilikuwa linavuja upande wake, si wangu.

---

NyamaKwanza

Dada, yote nimekubali mpaka ulipoweka Shiraz kando ya mbavu za Kikopey. Choma ni ya bia baridi. Mvinyo ni wa harusi na wa kina mama wa chama.

---

MamaTrela

NyamaKwanza, ndugu yangu, bia ni nzuri na sijamkataza mtu. Lakini fanya hivi siku moja: kula kipande cha mbavu chenye mafuta, halafu kunywa Shiraz kavu kidogo. Ule ukakasi wa mvinyo mwekundu unafuta mafuta mdomoni, kipande cha pili unakisikia upya. Bia baridi inagandisha yale mafuta ya mbuzi kwenye ulimi, ndiyo maana unaagiza pilipili zaidi. Ninachokuomba ni usichukue mvinyo mtamu. Mtamu na choma vinagombana, chumvi inapotea na nyama inabaki na ladha ya jamu.

---

NyamaKwanza

Nitajaribu, lakini bia itakuwa karibu kama mashahidi.

---

DerevaMstaafu

Mama, hongera. Mimi nimevuta trela kubwa miaka mingi Mombasa hadi Malaba, na naona watu siku hizi wanafunga trela nyuma ya gari dogo bila kuelewa. Naomba niongeze machache, vijana wasome.

Uzito. Vitu vizito, yaani maji, mtungi, betri na hizo chupa zenu, vikae chini na juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ndoano ya gari ibebe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wa trela. Ukijaza nyuma, pua inakuwa nyepesi, na ukifika mwendo wa kasi lori likikupita upepo wake unaanza kukuyumbisha. Trela ikianza kucheza, usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, iache ipungue yenyewe.

Mteremko. Ukiwa unashuka Kinungi au Mai Mahiu, gia ya kushukia uichague juu kabla hujaanza kushuka. Injini ndiyo ishike gari, breki iguswe kidogo kidogo. Ukikanyaga moja kwa moja zinapata moto hadi pedali inakuwa laini na haishiki kitu. Mai Mahiu barabara ni nyembamba na ya kupindapinda. Ni ile waliyoijenga mateka Waitaliano wakati wa Vita vya Pili, na kile kikanisa chao cha 1942 bado kipo huko chini. Ukinusa harufu ya breki, tafuta pahali salama usimame zipoe. Ukimwagia maji gurudumu lenye moto utapasua chuma.

Na mahali pa kulala. Usiweke karavani kwenye mkondo wa mto uliokauka, hata kama mchanga wake unavutia. Mvua inanyesha milimani, wewe kwako nyota zinaonekana, maji yanakukuta usingizini. Wote tunakumbuka Mai Mahiu, Aprili 2024, na siku chache baadaye kambi za Talek kule Mara zilivyofunikwa.

---

MamaTrela

Asante sana DerevaMstaafu. Hilo la mvinyo juu ya ekseli nimemsomea mwenzangu kwa sauti. Ya kwetu hukaa chini ya kitanda, kila chupa imevishwa soksi, ndizo soksi zile zile za Baringo.

---

Mkaazi_wa_Karagita

Karibuni kwetu. Nimefurahi kuona mtu wa Nairobi akimtetea karpu. Hakuwa samaki wa hapa, aliingia ziwani karibu na mwaka 2000 akazaana hadi kujaza nyavu. Wateja wa hotelini wanataka tilapia, kwa hivyo karpu bei yake inabaki ya kibinadamu.

Dada, mbona hukutaja kamba? Ziwa hili lina wale kamba wekundu wa maji baridi, waliletwa 1970 na wakazaana hadi waliwahi kuuzwa Ulaya. Ukimpata mvuvi akakuletea wakiwa hai, nunua. Aliyekufa mtupe, usimhurumie. Chemsha maji yenye chumvi nyingi, watie wote, dakika 5 hadi 8 wamekuwa wekundu wa kung'aa. Vunja mkia, vuta ule mshipa mweusi wa mgongoni utoke, halafu uwapitishe kwenye siagi na kitunguu saumu. Wenyeji wengi hawali, wanasema ni mdudu. Basi tuachieni sisi.

Kiboko sasa. Anatoka majini jioni, anakula majani usiku kucha, anarudi alfajiri. Kambi nyingi zina uzio wa umeme, lakini uzio haumzuii mtu anayetoka kwenda kupiga picha ufuoni. Usisimame kati yake na maji hata siku moja. Na tangu ziwa lilipopanda 2020 baadhi ya kambi zilipoteza ardhi ya mbele kabisa, kwa hiyo uzio na maji vimekaribiana. Ukifika ulizia mpaka wa usiku ni upi.

---

MamaTrela

Kamba nilikuwa nimewaficha wasiishe! Lakini siagi na kitunguu saumu ongezea mfuniko mmoja wa mvinyo mweupe wakati sufuria bado ina moto, ikauke, ndipo urudishe kamba. Utanikumbuka.

---

BintiPwani

Assalaam alaykum dada. Simulizi nzuri, mashaallah. Mimi na mume wangu hatutumii kileo, ila tunapenda safari na tunapenda kupika. Huo mvinyo kwenye mapishi yako tuweke nini badala yake?

---

MamaTrela

Waalaykum salaam dada yangu. Kazi ya mvinyo chunguni ni uchachu na utamu kidogo, basi. Kwa kamba, ndimu na maji kidogo ya kamba wenyewe. Kwa mchuzi wa ng'ombe wa Nyahururu, ukwaju. Loweka ukwaju, chuja, tia mwanzoni pamoja na kitunguu kilichokaangika, na kijiko cha sukari guru. Kusema kweli ule wa ukwaju mzee anaupenda zaidi.

---

BintiPwani

Nimeelewa. Na mimi nikulipe: huyo karpu wenu, akishakaangwa kwa ile mikato, mpake tui zito lililochemshwa na ukwaju, kitunguu saumu, pilipili na bizari, umrudishe juu ya wavu dakika mbili tatu. Samaki wa kupaka wa Bonde la Ufa. Tui la pakiti linafaa, hapo njiani nazi mtaitoa wapi.

---

Zabibu_Dodoma

Aisee wakuu wa Nairobi, mnaongelea mvinyo wa Afrika Mashariki bila kutupigia hodi? Huku Dodoma zabibu ndiyo habari ya mji. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi halafu tena Agosti na Septemba. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo mkulima ndiye anayeupumzisha: anaukata matawi, unakaa kimya, unachipua upya. Aina yetu kubwa ni Makutupora nyekundu.

Na kwa wenye karavani: kutoka Namanga mnafika Arusha, mnashika Babati, Kondoa mpaka Dodoma. Ni lami njia nzima siku hizi. Kolo mnasimama kuangalia michoro ya mapangoni ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiorodhesha 2006. Mjini mnanunua mvinyo na zabibu za kula barabarani. Angalieni tu vibao vya kilomita 50 vijijini, askari wetu wana subira ya kukaa chini ya mwembe na mashine ya kupima mwendo.

---

MamaTrela

Mkuu, umeanzisha kesi nyumbani kwangu. Mzee amekwisha fungua ramani.

---

KijanaWaUmoja

Hiyo mvinyo tamu ya boksi ambayo kila mtu Nairobi anayo, haina kazi yoyote safarini?

---

MamaTrela

Ina kazi nzuri sana, niliisahau. Zile plamu za Soko Mjinga: zikate nusu, toa kokwa, panga kwenye sufuria, mwaga mvinyo mtamu hadi ufike nusu ya plamu, kijiti cha mdalasini, karafuu tatu. Hakuna sukari, mvinyo unayo. Moto mdogo bila mfuniko, hadi mchuzi unashika kijiko. Tunakula na yoghurt ya Delamere tuliyochukua Naivasha. NyamaKwanza akionja hii ataacha kusema mambo ya chama.

Na boksi lenyewe usilidharau kwa safari. Ndani ni mfuko unaojikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hivyo linakaa wiki kadhaa baada ya kufunguliwa. Chupa ikifunguliwa Naivasha, Baringo imeshakuwa siki. Halivunjiki, na ni jepesi kwa ekseli ya DerevaMstaafu.

---

Muuguzi_Kiambu

Samahani nakatiza raha. Mama ametaja Nyahururu na makoti. Tafadhali sana, mtu asiingize jiko la makaa ndani ya karavani au hema ili apate joto, hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Ile hewa ya makaa haina harufu na haina rangi. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hasikii chochote, anahisi usingizi na kichwa kuuma kidogo, kisha hatoki. Kila msimu wa baridi tunawapokea, na wengine hatuwapokei maana wamechelewa. Wanandoa ndio wengi, wamelala wamekumbatiana.

Chupa ya maji moto ndani ya blanketi inatosha. Jiko libaki nje, tena mbali na mlango.

Gesi nayo, ikivuja haipandi juu, inashuka sakafuni na kujikusanya. Karavani iwe na matundu chini, si juu peke yake, na mtungi ufungwe kila mnapoondoka.

---

MamaTrela

Muuguzi, Mungu akubariki kwa kuandika. Yetu ina matundu mawili ya sakafu yenye wavu, fundi alitaka kuyaziba "panya wasiingie", tukakataa. Makaa ya Nyahururu huwa tunayamwagia mchanga kabla hatujapanda kulala.

---

Mpenda_Githeri

Swali la jikoni. Nilijaribu kupika maharagwe kambini Nyahururu, yakakataa kuiva hadi tukalala na mkate. Maharagwe yale yale nyumbani Machakos yanaiva vizuri. Ni kuni?

---

MamaTrela

Si kuni, ni mlima. Ukipanda juu, maji yanachemka yakiwa na joto dogo zaidi. Baringo, mita 1,000 hivi, yanachemka karibu nyuzi 97. Naivasha ni karibu 94. Nyahururu, mita 2,300 na zaidi, ni 92 tu, na hata ukizidisha kuni hayapandi, yanamwagika tu. Maharagwe yanahisi hizo nyuzi chache sana. Kwa hiyo ama ubebe sufuria ya presha, ama uyaloweke tangu asubuhi ukiwa njiani kwenye ndoo yenye kifuniko (barabara inakutingishia bure), ama upike ukiwa Baringo na upande nayo yameiva. Sisi tunafanya hilo la mwisho. Chai ya Nyahururu nayo iache majani yachemke muda zaidi, la sivyo ni maji ya rangi.

---

NyamaKwanza

Kwa hiyo choma haijali mlima?

---

MamaTrela

Choma haijali. Umepata moja.

---

Mkwe_wa_Nakuru

Sisi tuliwahi kutozwa kambi fulani ada ya "kupikia kwenu wenyewe", eti kwa sababu hatukula hotelini kwao. Ni kawaida?

---

MamaTrela

Si kawaida lakini nimesikia. Piga simu kabla, uliza mambo manne: bei kwa mtu au kwa gari, kuni zinauzwa au zinaokotwa, mnaruhusu chupa zetu, na umeme wa kuchomeka karavani upo au hapana. Wakijikunyata kwenye swali la tatu, tafuta kambi nyingine.

Ukitaka utulivu zaidi, lala ndani ya Hell's Gate, KWS, shirika la wanyamapori, wana kambi pale juu. Malipo ni kwa mtandao wa serikali, eCitizen, usiende na noti. Hakuna umeme, maji beba ya kutosha. Na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga, kwa hivyo chupa ndogo za maji na sahani za kutupa ziache nyumbani. Sisi tuna vikombe vya bati na debe la maji la lita 20. Tumbili wa pale wanajua kufungua zipu. Usicheke, wanajua. Chakula kikae ndani ya gari, si hemani.

---

MzeeWaTrela

Naona nimetajwa mara nyingi nikaona niingie.

Kwanza, karpu wa Kamere ninamsafisha mimi. Yeye anashika glasi na kuelekeza.

Pili, kanuni ya mvinyo kwetu ni moja: hakuna kizibo kinachotoka kabla mawe hayajaingia kwenye magurudumu, na kikishatoka funguo za gari zinaingia ndani ya mtungi wa unga hadi asubuhi. Siyo kwa sababu ya kipimo cha pumzi barabarani peke yake. Karavani ikihitaji kusogezwa usiku, kwa mfano mvua imeanza, anayeisogeza anatakiwa aone vizuri kurudi nyuma, na kurudi nyuma na trela hata ukiwa hujaonja kitu ni kazi: unazungusha usukani kushoto, yenyewe inakwenda kulia. Kwa hiyo tukifika tunageuka mapema, pua iangalie lango.

Tatu, Dodoma tunaenda.

---

DerevaMstaafu

Mzee mwenzangu, hapo kwa pua kuangalia lango umenifurahisha. Kabla ya Dodoma fungueni magurudumu ya trela, beringi zisafishwe na zipakwe grisi mpya. Beringi za trela hufa kimya kimya, maana dereva hazisikii. Mkisimama Namanga shika kitovu cha gurudumu kwa kiganja: kikiwa na joto la kawaida endeleeni, kikikuunguza msivuke. Na trela inataka karatasi zake za mpakani peke yake, pamoja na bima, si za gari tu.

---

KijanaWaUmoja

Wakubwa tumeamua, Ijumaa tunatoka na Vitz. Naivasha usiku wa kwanza, Elementaita wa pili. Mathe nipe orodha ya mwisho ya kununua Nairobi, hela ni kidogo.

---

MamaTrela

Wavu wa kuchomea na jiko dogo, Kamukunji, nenda wewe mwenyewe asubuhi na upige bei ukiwa hujabeba begi la ofisi. Gonga wavu kwa ukucha, ukilia wembamba utapinda ukiona mbavu. Mafuta nusu lita, chumvi, ndimu sita, kitunguu saumu, tangawizi. Kisu kinolewe Gikomba. Mvinyo mweupe chupa moja, mwekundu moja, mkavu yote miwili, soksi za zamani mbili. Makaa nunua njiani Kinungi ukishuka, Nairobi yameloa. Na uchukue kifungua kizibo, Vitz haina.